Mchapishaji akifunga milango: maneno kwa waliojiunga na meza yetu mwaka huu

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi wetu wa Soweto hapa Mbeya, niliwatazama vijana wawili wakifungua boksi la mchezo wa mezani walilolinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa mfanyakazi wa kujitolea aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Mchapishaji wa mchezo huo, yaani kampuni iliyoutoa, ameshafunga, nao walilijua hilo, kwa kuwa ndiyo sababu waliyopewa ya bei kuwa ndogo. Hata hivyo walibandua viduara vyote vya kuchezea kwenye makadibodi yake kwa dakika kumi, wakayatia makadibodi matupu kwenye pipa la taka, wakachanga karata kwa kuzikunja kama wacheza karata wa kijiweni, na kijitabu cha kanuni wakakifanya sahani ya karanga. Yote hayo yalikamilika kabla chai yangu haijapoa, na ninyi mnajua kwamba kwa baridi ya Juni hapa kwetu chai haichelewi kupoa.

Sikusema neno. Hakuna kosa hata moja kati ya hayo ambalo mimi sikulifanya, na mengine niliyafanya mara mbili. Niliporudi nyumbani niliona ni heri niyaandike kwa utulivu kuliko kuwagombeza mbele ya wageni.

1. Fahamuni kwanza ni kitu gani hasa kinachokufa. Mchapishaji anapofunga, mchezo haufi siku hiyo. Hugawanywa kama mirathi, na kama mirathi nyingine zote, kila kipande huangukia mikononi mwa mtu tofauti. Jina la kampuni hununuliwa na mmoja, mzigo uliobaki ghalani huenda kwa wadai, na haki ya mchezo wenyewe huweza kumrudia mbunifu ikiwa alikuwa na akili ya kudai kifungu hicho kwenye mkataba wake. Mwaka 1998, Avalon Hill, kampuni ya michezo ya Baltimore, Marekani, ilipouzwa kwa kampuni kubwa ya Hasbro, wafanyakazi waliachishwa kazi na jina likabaki kuwa nembo ya kubandika kwenye maboksi ya mwenye mali mpya. Lakini Advanced Squad Leader, mchezo wa vita uliotoka mwaka 1985, uliendelea kuchapishwa kwa leseni na Multi-Man Publishing, kampuni ya watu waliokuwa wachezaji wa mchezo huohuo. Mirathi ileile, warithi wawili, na kila mmoja akawa na lake.

Wapo pia wasiorithi chochote. Kampuni ya michezo ya TSR ilipoichukua mwenzake SPI ya New York mwaka 1982, watu waliokuwa wamelipia jarida la SPI la Strategy & Tactics, wakiwamo waliolipia usajili wa maisha, walikuta kwamba mwenye nyumba mpya hayatambui malipo yao. TSR nayo ilimezwa na kampuni nyingine ya michezo, Wizards of the Coast, mwaka 1997, na Wizards ikamezwa na Hasbro mwaka 1999. Ninawasimulia haya kwa sababu kila mwaka hakosi mmoja wenu anayeniambia kwamba kampuni fulani ni kubwa mno, haiwezi kufunga.

Jambo jingine la hapohapo: kwa sheria ya Marekani, namna ya kucheza mchezo haimilikiwi kwa hakimiliki, kinachomilikiwa ni maneno ya kijitabu, picha na michoro. Ndiyo maana mchezo huweza kurudi baada ya miaka ukiwa na sura nyingine na majina mengine, na ndiyo maana pia hamruhusiwi kuchapa karata zake na kuziuza sokoni Mwanjelwa. Mwalimu mstaafu anayekaa nasi mezani hupenda kuniuliza, kila ninapoifikia mada hii, kama nimepata habari za mchapishaji wa bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na likipotea kete moja unaokota komwe nyingine. Humjibu kwamba bao ni bahati ambayo wenzetu wa maboksi hawakuipata, naye hucheka kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kulisikia jibu hilo.

2. Mkisikia mchapishaji hajibu tena maombi ya vipuri, au anauza kila kitu kwa nusu bei, agizeni upungufu wenu wiki hiyohiyo.

3. Jiulizeni ni kipande gani cha mchezo wenu ambacho hakimo ndani ya boksi. Hapa itanibidi nijivue nguo.

Miaka kadhaa iliyopita tulichanga shilingi 280,000, watu sita, tukanunua mchezo mmoja wa hadithi ndefu. Jina lake na la mchapishaji wake sitayataja. Ulikuwa na sura 20, ramani nzito, sanamu ndogo za kupendeza, na programu ya simu ambayo bila hiyo meza haisogei: ndiyo iliyosoma matukio, ndiyo iliyoificha ramani, na ndiyo iliyokumbuka mlimsaidia nani na mlimsaliti nani sura tatu nyuma. Tulianza mwezi wa Januari. Mwezi wa tatu mchapishaji alitangaza kufunga, na baada ya wiki chache programu ile haikuonekana tena mahali pa kupakulia. Kwenye simu zilizokuwa nayo iliendelea kufanya kazi kama kawaida. Katika kundi letu simu hiyo ilikuwa moja, yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, nami ndiye niliyewatangazia wenzangu, kwa sauti ya mtu mwenye dhamana, kwamba simu hiyo sasa ni sehemu ya boksi.

Tulifika sura ya 14. Wiki hiyo mpwa wangu alipata nafasi ya chuo Iringa na hakuwa na simu. Mimi nilikuwa nimeshanunua nyingine, na ile ya zamani ilikuwa imejaa, inakwama, inajizima. Nikaipeleka kwa fundi wa pale Kabwe aiflashi ili mtoto aondoke na kitu kinachofanya kazi. Fundi yule, Mungu ambariki, alifanya alichopaswa kufanya. Aliniuliza, "Mzee, kuna kitu cha muhimu humu ndani?" Nilifikiri kweli; nakumbuka niliegemea meza yake nikafikiri. Nikawaza picha za msiba wa baba, nikawaza namba za watu, nikajibu kwamba vyote nimeshahamisha, afute tu. Nikamlipa elfu kumi. Yaani sikuufuta mchezo wa watu sita kwa bahati mbaya. Niliulizwa, nikaruhusu, na nikalipa.

Nilikumbuka Ijumaa usiku, nikiwa ninapanga boksi kwenye begi kwa ajili ya kesho yake. Mkono wangu ulikwenda kwenye droo kuchukua simu, ukaikuta droo tupu, na nikakaa kitandani bila kuvua viatu. Usiku huo nilinunua bando nikatafuta programu ile mpaka saa nane, na kila nilipodhani nimeipata palikuwa na ukurasa mtupu. Nilimwandikia mchapishaji, ujumbe ulirudi ukiwa na maelezo kwamba anwani hiyo haipo. Nilimpigia mpwa wangu nikamwuliza kama kuna chochote kilichobaki kwenye simu, naye akanijibu kwa furaha kwamba simu ni nyepesi kama mpya, haina hata kitu kimoja.

Kama ningewaambia wenzangu Jumamosi hiyo, kosa lingeishia kuwa kosa la kusahau. Niliwaambia simu ipo kwa fundi. Ilikuwa kweli, ila ilikuwa kweli ya Jumatano iliyopita. Kwa Jumamosi tatu tulicheza drafti, nami kila wiki nikaongeza kidogo kwenye habari ya fundi: mara anasubiri kioo kutoka Dar, mara umeme umekatika Kabwe. Jumamosi ya nne mpwa wangu, aliyekuja likizo fupi, alipita ukumbini kunishukuru. Aliingia, akatusalimu wote shikamoo mmoja baada ya mwingine kama alivyofundishwa, kisha akasema mbele ya meza nzima kwamba anashukuru sana kwa simu, imemfaa mno, na akainua mkono kutuonyesha. Kioo kilikuwa na ufa uleule.

Hakuna aliyenifokea, na laiti wangenifokea. Mwalimu mstaafu alimwomba binti ile simu kwa upole, akaipekua kurasa mbili tatu, akamrudishia na kumwambia, "Simu nzuri, mwanangu, uitunze." Halafu akavuta ubao wa drafti na kuanza kupanga vizibo.

Baadaye tulijaribu kuuokoa mchezo ule kwa daftari. Matukio ya sura 14 za kwanza tuliyakumbuka vizuri, kwa maana hiyo tuliweza kuwasimulia watu wengine mwanzo wa hadithi; lakini sura sita za mwisho hakuna aliyewahi kuziona, na mpaka leo hatujui mlinzi wa daraja alikuwa upande gani. Boksi bado lipo kabatini. Sanamu zake tunazitumia katika michezo mingine, na kila ninapozishika kuna mtu ananitazama.

Kwa hiyo, faili la kusakinisha programu linakiliwe kwenye simu mbili za watu wawili tofauti na pia kwenye flashi, siku ileile boksi linapofika.

4. Vilivyomo ndani ya boksi ni rahisi kuliko mnavyodhani. Kijitabu cha kanuni kipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla hakijawekewa karanga, kwa matumizi ya meza yetu na si ya kuuza. Makadibodi matupu msiyatupe mpaka muwe mmeyatumia kuhesabia viduara, kwa sababu kila tundu linakwambia kilichopaswa kuwapo. Karata zivikwe mifuko ya plastiki, hasa ninyi mnaotoka Tukuyu, ambako karata iliyoachwa mezani wakati wa mvua asubuhi hugeuka kuwa chapati. Vikete vya mbao visiwatie hofu hata kidogo: seremala mmoja wa Mafinga alinichongea vikete 12 kutoka kwenye mabaki ya misonobari, akakataa malipo, akataka tu nimweleze ni vya nini, nilipomweleza alisema kwamba watu wazima wa Mbeya wana nafasi.

5. Msikae kumsubiri mchapishaji mwingine aje kuokoa mchezo wenu, ingawa mara chache anayeokoa hutokea kwenye viti vya wachezaji. Netrunner, mchezo wa karata wa mbunifu Richard Garfield, ilitoka mwaka 1996, ikazimika, ikafufuliwa na mchapishaji Fantasy Flight Games mwaka 2012, na mwaka 2018 ikasimamishwa tena leseni ilipokwisha. Safari hiyo wachezaji wenyewe walijipanga, wakaanza kubuni na kutoa karata mpya zinazochezeka pamoja na zile za zamani, na kundi hilo, ambalo leo linaitwa Null Signal Games, bado linaendelea. Dada mmoja mwalimu wa Iringa alinisimulia habari hiyo ndani ya basi, tukiwa tumekwama Makambako kwa sababu ya tairi, na alipomaliza aliniuliza kwa nini sisi tulishindwa kujitungia zile sura sita. Nilimwambia kwamba nitalifikiria. Tumekwisha kuandika mbili; ya pili ni mbaya, lakini imeandikwa.

Sasa ninyi wawili mnaojijua. Makadibodi yenu niliyatoa kwenye pipa baada ya ninyi kuondoka, yamefutwa karanga na yapo kabatini, rafu ya chini. Jumamosi mje mapema tuhesabu. Viduara vya bluu vinatakiwa viwe 24, nanyi mtapata 23. Msigombane njiani mkidai nani amekipoteza, kwa kuwa kilibingirika chini ya benchi mlipokuwa mkicheka, na ninacho mfukoni mwa koti.