Maswali yenu: kondo la nyuma na priklampsia

Kliniki nimeambiwa nina priklampsia, hali inayotangulia kifafa cha mimba, na kwamba mishipa ya kondo haikufunguka vizuri. Maana yake nini?

Mimba inapokwenda sawa, katika wiki 20 za mwanzo seli za kondo hupenya ukuta wa mfuko wa uzazi, zikazifikia ateri nyembamba zilizojisokota na kuiondoa misuli inayozibana, hata midomo ya ateri hizo ikapanuka mara kadhaa na damu ikamiminika kwa wingi lakini kwa upole. Kazi hiyo ikiishia njiani, ateri hubaki nyembamba na zenye uwezo wa kusinyaa, na damu huingia kwa mchirizi mkali, usiotulia, unaojeruhi vijitawi vya kondo ambavyo mtoto hupatia oksijeni na chakula. Ndipo mtoto anapodumaa tumboni. Kasoro hiyo hujitokeza zaidi katika priklampsia inayoanza kabla ya wiki ya 34. Inayoanza baadaye huenda isiambatane nayo kwa kiwango hicho.

Kama tatizo liko kwenye kondo, mbona kinachouma ni kichwa?

Kondo lililopungukiwa oksijeni humwaga katika damu ya mama protini iitwayo sFlt-1, ambayo huzinasa protini nyingine zinazoutunza utando wa ndani wa mishipa. Utando huo ukidhoofika, mishipa ya mwili mzima hubana, ya ubongo ikiwemo, presha hufika 140/90 au kupita, na figo huanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Mwaka 2003 watafiti wa Boston waliiongeza sFlt-1 katika miili ya panya wenye mimba, nao wakapata presha na mkojo wenye protini. Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, au maumivu chini ya mbavu za kulia yakupeleke hospitali siku ileile. Usingoje tarehe ya kliniki.

Mke wangu alipata hali hii katika mimba zabibu, isiyo na mtoto. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Tishu za kondo peke yake zinatosha kuileta, na kwangu mimi huo ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba chanzo ni kondo.

Je, dawa za presha zitaifungua mishipa hiyo?

Hapana. Dawa hizo humkinga mama na kiharusi, na sindano ya magnesiamu salfeti humkinga na degedege, lakini ateri za kondo hubaki zilivyo mpaka kondo litoke, na hata likishatoka presha huweza kupanda katika wiki chache zinazofuata. Mwanamke aliyewahi kuugua awahi kliniki katika mimba ijayo, kwa kuwa aspirini ya dozi ndogo, akiandikiwa na daktari, hufaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16, wakati ateri zingali zinafunguliwa.