Kazi za mafuta Williston: hesabu kabla ya nauli

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mnauliza kama ni kweli North Dakota dereva wa lori anapata pesa kuliko daktari wa huko nyumbani, na kama mtu akija leo atapata kazi. Pesa ipo, ila stori mnazosikia ni za 2012, uchimbaji ulipopamba moto.

Williston, mji wa mafuta huko North Dakota, ilikuwa na watu 14,716 mwaka 2010. Sensa ya 2020 ikakuta 29,160. Katikati hapo vyumba viliadimika, watu wakalala kwenye magari katika maegesho ya Walmart. Mwaka 2012 rigi, yaani mitambo ya kuchimba visima, zilizokuwa kazini jimboni zilizidi 200. Katikati ya 2016, bei ya mafuta ilipokuwa imeporomoka, hazikufika 30. Na rigi ndiyo inayokula watu: kisima kikishaanza kutoa, mtu mmoja na pikapu yake anazungukia visima kadhaa. Mafuta yanaendelea kutoka, ajira hazipo.

Sasa mshahara. Tuseme umeahidiwa dola 25 kwa saa, zamu ya saa 12, siku 14 kazini na 7 za mapumziko. Wiki ya saa 84 ina saa 40 za kawaida, dola 1,000, na 44 za ovataimu kwa dola 37.50, yaani 1,650. Jumla 2,650. Tamu, lakini wiki ya mapumziko mara nyingi hailipwi, kwa hiyo 5,300 inagawanywa kwa wiki tatu: kama 1,766 kabla ya kodi. Social Security na Medicare, makato ya pensheni na ya bima ya afya ya uzeeni, zinachukua asilimia 7.65, kisha kodi ya mapato, kisha chumba kama kampuni haikulazi. Dereva aulize zaidi: sheria inaruhusu baadhi ya madereva wa malori wasilipwe ovataimu, na hapo hesabu yote hii inavunjika.

Leseni ya nyumbani haiendeshi boza huku. Inatakiwa CDL, leseni ya Marekani ya magari makubwa ya biashara, pamoja na idhini ya tanki, na tangu Februari 2022 anayeanza lazima apite kwanza kwa mkufunzi aliyesajiliwa serikalini. Kibali cha kazi ndicho mlango wa yote hayo. Boza lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa: ukifunga breki, mafuta au maji yaliyomo yanakusukuma kutoka nyuma.

Januari baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Dizeli ya kawaida hutoa nta inayoziba filta, ndiyo maana huchanganywa na dizeli nyepesi iitwayo namba 1, na hita ya injini huchomekwa kwenye umeme saa kadhaa kabla ya kuwasha.

Kinachoua kimyakimya ni gesi. H2S (haidrojeni salfaidi), gesi ya sumu inayotoka na mafuta, hunuka mayai viza, lakini ikizidi pua hufa ganzi, hivyo kutosikia harufu si usalama. Hata pasipo H2S, ukifungua kifuniko cha tanki kupima mafuta kwa mkono, mvuke unaotoka unaweza kukuangusha. Wafanyakazi wamekufa hivyo, hapo hapo Bakken, eneo la mafuta lilipo Williston. Kifaa cha kupima gesi hufungwa kifuani karibu na pua, si kiunoni. Kikilia, kimbilia upepo unakotoka. Mwenzako akianguka juu ya tanki, usimfuate bila mtungi wa hewa, mtakuwa wawili.