Mkaguzi wa yoti awe wako, si wa dalali

Mwanangu Salma,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama umkubali mkaguzi aliyependekezwa na dalali anayekuuzia ile yoti kuukuu ya faibaglasi huko Southampton. Usimkubali. Dalali hupata chake mauzo yakikamilika, na mkaguzi anayetegemea kuitwa naye tena ana sababu ya kulainisha maneno, hata akiwa mtu mwema.

Uingereza mtu yeyote aweza kujiita mkaguzi wa boti bila leseni, kwa hiyo anzia kwenye orodha za wanachama wa YDSA au IIMS, ambavyo ni vyama vya wakaguzi, uulize kila unayempigia kama ana bima ya makosa ya kitaalamu, kisha umwombe taarifa moja aliyokwisha kuiandikia yoti ya namna hiyo, majina ya wenyewe yakiwa yamefutwa. Nilipokuwa ofisi ya bima Mombasa, taarifa hizo nilizisoma kwanza pale mkaguzi alipoorodhesha sehemu alizoshindwa kuzifikia. Ukikuta "inaonekana kuwa nzuri" kila ukurasa, wala hakuna palipoandikwa amegonga wapi kwa nyundo, mita ya unyevu imesoma ngapi na valvu zipi zimefunguliwa, huyo mwache.

La mkuku, ule uti mzito ulio chini ya tumbo la chombo, ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2014 yoti Cheeki Rafiki, ikirudi Southampton kutoka Antigua, ilipoteza mkuku wake katika Atlantiki, na mabaharia wote wanne hawakuonekana tena. Wachunguzi wa ajali walieleza kwamba fremu ya ndani iliyogundishwa kwenye tumbo la yoti za aina hiyo yaweza kubanduka baada ya chombo kukwama au kugonga chini, na mbanduko huo ni mgumu kuugundua. Basi mwulize mkaguzi atapakaguaje hapo boliti za mkuku zinaposhika; akikujibu upesi kwamba hapana shida, tafuta mwingine.

Yoti ipandishwe nchi kavu, ingawa gharama hiyo kwa kawaida ni ya mnunuzi, nawe uwepo siku hiyo. Injini mtafutie fundi wake, maana wakaguzi wengi huigusa juujuu tu. Taarifa ya zamani atakayokupa muuzaji isome, lakini usiitegemee: aliyeiandika hana mkataba nawe.

Kabla ya kumlipa mkaguzi, iulize kampuni ya bima kama itaipokea taarifa yake. Ikitoka, nitumie kabla hujatia saini.

Mama yako