Warusi, wazungumzaji wa Kirusi au Waukraine? Swali kutoka chumba cha habari

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Ninafasiri habari za kimataifa katika redio moja hapa Morogoro. Wiki iliyopita ilisomwa hewani sentensi niliyoifasiri mimi: "Warusi walio wengi mashariki mwa Ukraine, hasa katika mji wa Kharkiv, wamepigwa marufuku kuzungumza lugha yao." Mzee mmoja aliyesomea uhandisi huko miaka ya 1980 akatupigia simu. Akasema mji unaitwa Kharkov, ameishi pale miaka sita, na kila aliyekutana naye alizungumza Kirusi. Mwenzangu wa zamu naye anadai jina la mji halina shida, kosa liko kwenye neno "Warusi". Nani yuko sahihi, na sentensi yangu niiandikeje?

Mfasiri, Morogoro

JIBU

Marahaba. Mwenzako wa zamu ndiye aliyeliona kosa kubwa. Mzee naye amesema kweli juu ya alichokisikia kwa masikio yake, ila hicho alichokisikia hakitoshi kumgeuza mtu kuwa Mrusi. Halafu kuna kosa la tatu ambalo hakuna aliyelitaja, nalo ni hilo neno "marufuku". Nitalifikia.

Nianze na "Warusi". Ukraine imefanya sensa moja tu tangu ipate uhuru, mwaka 2001, na sensa hiyo iliuliza maswali mawili yaliyo tofauti: asili yako ni ipi, na lugha yako ya mama ni ipi. Waliojitaja kuwa Waukraine kwa asili walikuwa asilimia 77.8, Warusi asilimia 17.3. Kwenye lugha, Kiukraine kilitajwa na asilimia 67.5 na Kirusi na asilimia 29.6. Weka namba hizo mbili za upande wa Kirusi pamoja: 17.3 na 29.6. Katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 48, pengo hilo ni watu karibu milioni sita ambao lugha yao ya mama ni Kirusi lakini hawakujiita Warusi. Wengi wao walijiita Waukraine. Ukiandika "Warusi" kwa maana ya "wanaozungumza Kirusi", umewabadilishia watu hao wote kabila lao bila kuwauliza.

Najua kosa hili linavyoingia, kwa sababu nimewahi kulifanya mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi nilipewa fomu ya zamani ya Kisovieti niifasiri. Ilikuwa na mstari ulioandikwa natsionalnost, na kwa Kiukraine neno hilo ni natsionalnist. Sauti yake ilinidanganya nikaandika "uraia". Uraia kwa Kiukraine ni hromadianstvo, neno jingine kabisa. Pasi ya ndani ya Kisovieti ilimtaja kila mtu kwa asili yake: Mrusi, Mukraine, Myahudi, Mtatari, ilhali wote walikuwa raia wa dola moja. Fomu yangu ilirudishwa, na tangu siku hiyo nikikutana na neno hilo nasimama kwanza.

Kwa bahati nzuri Kiswahili chetu kina chombo cha kazi hii tayari. Tunasema "Mtanzania mwenye asili ya Asia" na kila msikilizaji anaelewa. Basi sema "raia wa Ukraine wenye asili ya Kirusi" pale habari inapohusu asili, na "wazungumzaji wa Kirusi" pale inapohusu lugha. "Warusi" peke yake libakie kwa watu wa Urusi, au kwa mtu ambaye mwenyewe amejiita hivyo.

Mfano ulio hai ni Rais Volodymyr Zelenskyy. Amezaliwa Kryvyi Rih mwaka 1978 katika familia ya Kiyahudi iliyozungumza Kirusi, na Kirusi ndiyo lugha aliyokulia nayo. Katika fomu ile ya zamani asingeandikwa Mrusi wala Mukraine, angeandikwa Myahudi. Mwaka 2019 wananchi wenzake walimchagua kwa takriban asilimia 73 ya kura. Sijui kamusi gani ingeweza kumwita "Mrusi" bila aibu.

Mtu akikubishia kwamba mashariki ni tofauti, mkumbushe kura ya maoni ya tarehe 1 Desemba 1991. Zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura nchi nzima waliunga mkono uhuru. Donetsk na Luhansk, mikoa ambayo Kirusi kilitawala mitaani, zilitoa karibu asilimia 84 kila moja. Crimea ilikuwa ya chini kuliko yote, asilimia 54, lakini nayo ilisema ndiyo. Na Februari 27, 2022, askari wa Urusi walipoingia ndani ya Kharkiv, mji uleule wa mzee wako uliozoea Kirusi, walipigwa na kurudishwa nje siku hiyohiyo.

Ninalisisitiza hili kwa sababu silichukulii kuwa suala la sarufi tu. Julai 2021 Rais Putin alichapisha makala ndefu akidai kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Miezi saba baadaye majeshi yake yalivuka mpaka, na moja ya sababu zilizotangazwa ilikuwa kuwalinda watu wa Donbas, yaani mikoa ileile ya Donetsk na Luhansk. Dai lenyewe limejengwa juu ya kuchanganya lugha na taifa. Mfasiri anayeandika "Warusi wa mashariki mwa Ukraine" bila kupima amelibeba dai hilo hadi sebuleni kwa msikilizaji wa Morogoro, naye hana habari kwamba amelibeba.

Sasa "marufuku". Mwaka 2012 ilipitishwa sheria iliyoruhusu lugha kutumika rasmi katika eneo ambako wazungumzaji wake wanafika asilimia 10, na aliyenufaika zaidi alikuwa Kirusi. Februari 23, 2014, muda mfupi baada ya Rais Yanukovych kukimbia, bunge lilipiga kura kuifuta. Habari zikaenea duniani kwamba Kirusi kimepigwa marufuku. Lakini kaimu rais, Turchynov, hakuutia saini ufutaji huo, na sheria iliendelea kuwepo mpaka Mahakama ya Katiba ilipoibatilisha Februari 2018. Hilo la kutosainiwa halikuenea hata robo ya lile la kwanza.

Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 2019. Inataka Kiukraine kitumike serikalini, mashuleni, katika vyombo vya habari, na tangu Januari 16, 2021, madukani na kwenye huduma nyingine. Mhudumu anaanza kwa Kiukraine, na mteja akiomba lugha nyingine wanaweza kukubaliana. Mazungumzo ya faragha na ibada za dini hayaguswi na sheria hiyo. Sidai kwamba haina walakini. Tume ya Venice, chombo cha Baraza la Ulaya kinachoshauri mambo ya katiba, iliikosoa Desemba 2019, hasa kwa kuwa katika baadhi ya vifungu ilizipa nafuu lugha za Umoja wa Ulaya na kuiacha Kirusi nje. Katiba yenyewe ya 1996, kifungu cha 10, inaitaja Kirusi kwa jina miongoni mwa lugha za wachache zinazolindwa. Ukosoaji huo utangaze, ni habari halali. Ila "kubanwa katika matumizi ya umma" na "kupigwa marufuku kuzungumza" ni vitu viwili.

Marufuku ya kweli iliwahi kuwepo, na ilikiangukia Kiukraine. Mwaka 1863 waziri wa mambo ya ndani wa Tsar (mfalme wa Urusi), Valuev, alisambaza waraka uliosema lugha hiyo haikuwahi kuwepo, haipo na haiwezi kuwepo. Mwaka 1876 Tsar Alexander wa Pili, akiwa mapumzikoni Bad Ems, Ujerumani, alitia saini amri iliyozuia kuchapisha vitabu vya Kiukraine. Hata herufi iliwahi kufukuzwa: Ґ, inayotamkwa g, iliondolewa kwenye alfabeti mwaka 1933 wakati tahajia ilipovutwa kuelekea Kirusi, ikarudishwa mwaka 1990. Miaka 57 watu waliishi bila herufi yao!

Na hapo ndipo tunamfikia mzee na "Kharkov" yake. Kharkiv si jina lililobuniwa na wanasiasa juzi. Katika Kiukraine, o ya zamani iliyojikuta ndani ya silabi funge, yaani inayoishia kwa konsonanti, iligeuka i. Paka ni kit, lakini "ya paka" ni kota, o imerudi kwa sababu silabi imefunguka. Kirusi kimebaki na kot. Vivyo hivyo mji ni Kharkiv, na "mjini Kharkiv" ni u Kharkovi. Lviv inakuwa u Lvovi. Ni kanuni ya sauti, kama sisi tunavyosema jino lakini meno, i ikamezwa na a ya ma- tukapata e. Hakuna kamati iliyokaa kuliamua hilo. Kharkov ni umbo la Kirusi, ndilo alilofundishiwa mzee, na kama cheti chake kimeandikwa hivyo, mwenye kukifasiri akiache hivyo na kuongeza Kharkiv kwenye mabano mara ya kwanza. Kwa habari za leo andika Kharkiv, Kyiv, Odesa yenye s moja, Luhansk, Chernihiv. Hizo mbili za mwisho zina h ambako Kirusi kina g, na Mswahili anazitamka zote mbili bila taabu. Kh ya Kharkiv ni ileile ya Khamis na sheikh, mwambie mtangazaji asiifanye k. Kyiv isomwe silabi mbili, Ki-yiv.

Majina ya watu nayo yaheshimu: Volodymyr ni wa Kyiv, Vladimir ni wa Moscow, ijapokuwa jina lina shina moja.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Katika mji wa Kharkiv, kaskazini-mashariki mwa Ukraine, ambako wakazi wengi wamezoea kuzungumza Kirusi, sheria ya mwaka 2019 inawataka wahudumu wa maduka na ofisi waanze kumhudumia mteja kwa Kiukraine." Ni ndefu kuliko ya kwanza, kwa hiyo mwekee msomaji alama ya kupumua baada ya "Kirusi".