Caipirinha inatoka chungu: kosa liko wapi?

SWALI: Habari za kazi. Naishi Mombasa, na nimejaribu mara kadhaa kutengeneza caipirinha, kokteli ya Brazil ya ndimu, sukari na pombe, nyumbani. Ninatumia ndimu za sokoni, sukari ya kawaida ya dukani na ramu nyeupe, kwa kuwa cachaça, pombe ya miwa ya Brazil, sikuipata. Kila mara kinywaji kinakuwa na uchungu unaobaki kooni, na sukari inalala chini ya glasi. Nikiongeza sukari, utamu unazidi lakini uchungu hauondoki. Tatizo ni ramu, ni ndimu au ni mkono wangu? Na je, kwa wageni sita naweza kutengeneza jagi zima mapema?

JIBU: Ramu haihusiki na uchungu huo. Unatoka kwenye ndimu, kwa jinsi ilivyokatwa na kupondwa. Sukari nayo inalala chini kwa sababu chembe zake ni kubwa, na huenda pia inatiwa wakati usiofaa. Yote mawili yanarekebishika kwa vifaa ulivyo navyo jikoni.

Tuanze na tunda. Kwa nje kuna ganda la kijani lenye mafuta ya harufu, chini yake utando mweupe, kisha nyama yenye maji. Caipirinha inataka mafuta ya ganda na maji ya nyama, ndiyo maana vipande hupondwa ndani ya glasi badala ya kukamuliwa tu. Utando mweupe, mshipa mweupe wa katikati na mbegu ndivyo vyenye uchungu. Ukitwanga kama unayetwanga kitunguu saumu, ganda linachanika, utando unasagika na mbegu zinapasuka. Pombe ikishatiwa huendelea kuvuta uchungu huo, na hakuna kiasi cha sukari kitakachouondoa.

Ndimu zenu za Pwani, zile ndogo, za mviringo, zenye ganda jembamba na mbegu nyingi, ni jamii ileile ambayo Wabrazili huiita limão-galego. Baa nyingi za Brazil hutumia limão-taiti, ambayo ni kubwa zaidi na kwa kawaida haina mbegu. Ndimu ndogo haina upungufu wowote. Ina harufu kali zaidi na ukali zaidi wa maji. Ila mbegu lazima zitolewe, na ganda lake jembamba halivumilii mkono mzito. Chagua zilizo nzito mkononi, zenye ganda laini linalong'aa. Iliyokauka ganda haina maji ya kutosha, na ganda lenyewe ndilo linalowahi kuchanika.

Kwa glasi moja, andaa ndimu ndogo mbili (zikikupa jumla ya mililita 25 hivi za maji zinatosha), sukari vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, yaani gramu 16 hivi, na cachaça mililita 60. Kipimo hicho cha pombe na sukari ndicho kilichomo katika orodha ya chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, IBA, ambayo hutaja ndimu moja. Hiyo ni ile kubwa. Kwa kuwa ndimu ndogo ni kali zaidi, ukiona inakubana meno ongeza nusu kijiko cha sukari, lakini onja kwanza.

Sukari yenyewe isage. Sukari wanayotumia Wabrazili kwa kinywaji hiki ni nyeupe na laini sana, wakati ya dukani kwetu mara nyingi ina chembe kubwa na rangi ya kahawia. Itie kwenye blenda kavu kwa sekunde chache, au itwange kwenye kinu, iwe laini ila isifike kuwa unga wa kupambia keki, kwani huo mara nyingi huchanganywa na wanga na utatia ukungu kwenye glasi. Rangi ya kahawia haina madhara; italeta tu ladha kidogo ya molasi.

Osha ndimu vizuri, maana ganda linaingia kwenye kinywaji. Kata ncha zote mbili. Ipasue kwa urefu, kisha kwa kila nusu piga mikato miwili ya mshazari uondoe ule mshipa mweupe wa katikati. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayopunguza uchungu kuliko zote. Toa mbegu kwa ncha ya kisu, halafu kata kila nusu vipande vitatu.

Tumia glasi fupi, pana, yenye kitako kinene, ya mililita 300 hivi. Glasi nyembamba inaweza kupasuka mkononi. Panga vipande nyama ikitazama juu, mwagia sukari, kisha bonyeza kwa mchi mdogo wa mbao au mpini wa mwiko. Ni kubonyeza, si kutwanga wala kusokota: mara tano hadi saba, mpaka maji yatoke na vipande vikiwa bado vizima. Chembe za sukari husaidia kukwangua mafuta ya ganda, na utasikia harufu ikipanda. Hapo acha.

Sasa koroga kwa kijiko mpaka sukari iyeyuke ndani ya maji ya ndimu, kabla pombe na barafu havijaingia. Sukari huyeyuka kwa shida kwenye pombe, na kwa shida zaidi kwenye kitu cha baridi. Ukitia vyote kwa pamoja, ndipo unapoikuta chini. Ikishayeyuka, jaza glasi barafu, mimina cachaça, koroga ukipandisha vipande kutoka chini kwa sekunde 10 hadi 15. Hakichujwi, wala hakiongezwi soda. Barafu iwe ya vipande vikubwa, kavu, iliyotoka friza wakati huohuo. Ya kusagwa inapendeza macho, lakini huyeyuka upesi na kwa joto la Mombasa utakuwa unakunywa maji ya ndimu kabla ya kufika nusu.

Kuhusu ramu: utapata kinywaji kizuri, ila Wabrazili watakiita caipiríssima. Chenye vodka ni caipiroska, na kokteli ya dawa inayouzwa katika mabaa ya Nairobi, yenye vodka, ndimu na asali, iko karibu sana na hicho. Kanuni za vinywaji za Brazil za mwaka 2009 ziko wazi: caipirinha ni cachaça, ndimu na sukari, na nguvu yake iwe kati ya asilimia 15 na 36. Tofauti si ya jina tu. Ramu nyingi hutokana na molasi, yaani masalia ya kiwanda cha sukari. Cachaça hutokana na maji mabichi ya miwa, kama yale yanayokamuliwa mitaani, ambayo huchachushwa kisha hukenekwa hadi asilimia 38 mpaka 48. Ladha ya majani na muwa mbichi hubaki, nayo hushikana na mafuta ya ganda la ndimu kwa namna ambayo ramu haifanyi. Ukiipata, chukua ile nyeupe isiyokaa sana kwenye pipa. Iliyozeeshwa ina ladha ya mbao inayogombana na ndimu. Pombe ya kienyeji isiyojulikana nguvu wala usalama wake usiitumie kabisa, hata kama imetokana na miwa: methanoli, pombe yenye sumu inayoweza kuwemo, hupofusha na huua, na ndimu haiiondoi.

Jagi la mapema halifai. Maganda yakikaa kwenye pombe, uchungu huongezeka kadiri muda unavyopita, na barafu itakuwa imeyeyuka. Kwa wageni sita, kata ndimu zote saa moja kabla, uzifunike kwenye friji, pima sukari kwenye vikombe vidogo sita, halafu bonyeza na kumimina glasi moja moja. Ukizoea, kila glasi ni dakika mbili. Waambie pia wageni kwamba mililita 60 za pombe ya asilimia 40 zina mililita 24 za kileo halisi, karibu sawa na bia ya nusu lita yenye asilimia 5. Utamu na ubaridi huficha nguvu hiyo, na anayetaka ya pili anywe maji kwanza.

Jambo moja mahususi kwa wanaoandaa nje, kando ya bahari: nawa mikono kwa sabuni mara tu baada ya kukata ndimu, na ufute matone yaliyoruka mikononi au miguuni. Maji na mafuta ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua kali, huleta muwasho na malengelenge kama ya kuungua, ambayo hujitokeza siku moja au mbili baadaye na kuacha madoa meusi kwa wiki kadhaa.