Uliza Tukujibu: Bahari ilienda wapi?

SWALI: Anko shikamoo. Mi mtu wa Dodoma, juzi kati tulienda Paje, Zanzibar, na washkaji, tumefika saa nne asubuhi tunakuta bahari haipo!! Mchanga na majani mpaka kuleee kwenye mwamba, kina mama wanatembea tu katikati. Mlinzi wa hoteli akatuambia rudini saa kumi jioni, tumerudi maji yako kwenye ngazi. Mwenzangu anasema ni upepo, mi nasema mwezi, na tumewekeana elfu kumi. Nani anakula?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Kula hela yako mdogo wangu. Na bila hata kuniambia tarehe najua siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu au ndo unataka kuandama, manake huku kwetu maji yakikauka saa nne saa tano asubuhi basi hilo ni bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kukauka kupita kawaida. Iko hivi, mwezi unavuta maji ya upande unaoutazama kuliko ya upande wa pili wa dunia, kwa hiyo yanatuna pande zote mbili, dunia nayo inazunguka, ndo maana yanajaa mara 2 kwa siku, kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na kesho yake yanachelewa kama dakika 50. Jua nalo linavuta, nguvu yake haifiki hata nusu ya mwezi, ila vikikaa mstari mmoja ndo bamvua, Zanzibar maji yanapanda na kushuka karibu mita 4. Vikikaa kona ni maji mafu, tofauti mita moja hivi.

Wale kina mama hawakuwa wanatembea bwana, walikuwa shambani! Mwani unafungwa kwenye kamba, kamba kwenye vijiti, na huwezi kuufikia vizuri mpaka bamvua. Kilimo hicho kilianza hapo hapo Paje na Jambiani mwaka 1989.

Mwenzako asione aibu sana lakini, hata Julius Caesar yalimkuta. Mwaka 55 kabla ya Kristo kapeleka jeshi Uingereza, usiku wa mwezi mpevu maji yakajaa yakamvunjia meli, Warumi wamezoea Mediterania ambako maji hayachezi kiivyo.

Mkirudi, kama mnataka kuogelea asubuhi nendeni siku za maji mafu, nusu mwezi, hapo saa nne maji yamejaa.

SWALI: Mbona Ziwa Victoria halipwi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Linapwa, ila kidogo mno jicho halioni, ziwa ni dogo ukilinganisha na bahari. Lile la 2020 lililoingia majumbani kwa watu lilikuwa mvua, mwezi msiusingizie.