Fundi wa nani? Barua kwa mwanangu Mwanaidi, Houston

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba, mama. Sisi hatujambo, ni goti la mama yako tu, na Hamisi anakusalimu. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Ule mkataba Hamisi kanichapishia stesheneri, kwa sababu maandishi ya namna ile kwenye simu yananiumiza macho. Unauliza jambo moja: friji limekufa, kampuni ya waranti ya nyumba haitaki kulitengeneza wala kukuletea jingine, inakupa dola 540 yaishe. Uzichukue au uzikatae?

Kabla sijafika huko, nami nikuulize: yule fundi aliyekuja kulitazama ni wa nani?

Maana katika maelezo yako yote umempitia juu juu. "Fundi akaja, akasema kompresa imekufa," ile mashine inayosukuma gesi ya kupoozea. Alikuja na mita? Alipima nini? Wewe unabishana na binti wa kwenye simu, na yule binti anasoma tu alichoandika fundi. Siku zote nasema, na humu ndani wamechoka kunisikia: fundi ni wa anayemlipa. Zile dola 100 ulizotoa ni ada ya kuitiwa. Anayempa kazi leo na kesho ni kampuni.

Unalikumbuka friza la mama yako? Siku yenyewe hukuwepo, ulikuwa bweni Korogwe, na hadithi ulisimuliwa na Hamisi ambaye huongeza chumvi. Tulilinunua Kariakoo. Waranti mwaka mmoja kwa kila kitu, na zaidi ya hapo kwa kompresa, muuzaji akilipigapiga mfuniko kwa kiganja na kutuambia tutawarithisha wajukuu. Mwaka haukuisha. Mama yako alikuwa amelijaza samaki wa soko la Deep Sea, changu na kolekole wa oda ya harusi, pamoja na barafu za ubuyu za watoto wa shule. Asubuhi tukaamkia maji sakafuni.

Mimi nilitaka tulipakie siku ileile. Mama yako akasema ngoja, tumwite kwanza fundi wa Ngamiani. Nikamwambia, hela ya nini na kitu kina waranti? Akanijibu: "Wa dukani atasema la dukani. Nataka la kwetu." Naam, neno alilitangulia yeye, ila mimi ndiye niliyelinyoosha.

Fundi akaja na mita na kopo la povu la sabuni. Hakufungua kitu, maana angetia bisibisi tu, dukani wangesema mmeshalichokonoa, waranti imekufa. Akaipima kompresa: nzima. Akapaka povu kwenye maungio ya mabomba nyuma, akatuita tutazame. Vipovu vikachomoza kimoja kimoja. Gesi ilikuwa inavuja pale pale walipochomelea kiwandani. Akaandika kwenye karatasi ya daftari, akatia tarehe na sahihi.

Tukalipakia. Segera, Chalinze, mpaka Kariakoo, nauli ya mzigo juu yetu, kwa kuwa waranti haikutaja usafiri. Fundi wa duka akainama nyuma yake, hata kulichomeka kwenye umeme hakulichomeka, akainuka: "Mzee, huu ni umeme. Umeme wenu umepiga kompresa, na umeme haumo kwenye waranti." Kisha akanitazama kwa huruma. Ile huruma ndiyo inayoniuma hadi leo, maneno nilishayasamehe. Mtu amekusudia kukunyima haki yako, halafu anakuhurumia!

Mama yako hakupandisha sauti. Akamwomba kijana wa duka kikombe cha maji na sabuni. Ilikuwa Jumamosi, duka limejaa, kuna bwana na bibi harusi watarajiwa wanachagua jiko. Akakunja mkono wa buibui, akakoroga, akapaka mwenyewe. Vipovu hivyo. Mteja mmoja akasema, "Hee!" Tajiri akatoka nyuma ya kaunta, na mimi nikamkabidhi ile karatasi ya daftari kwa mikono miwili, kama hati ya mahakama. Mwanangu, sijapata kumpenda mama yako kama dakika ile.

Wakachomelea bure. Lakini gesi, wakasema, ni kitu cha kutumika, haimo kwenye waranti, tulipie. Fikiria! Gesi imetoka kwa kosa la kiwandani, kuirudisha tununue sisi. Nikasema twende Tume ya Ushindani, kuna sheria ya mwaka 2003 na imeandikwa kwa ajili ya wanunuzi kama sisi. Mama yako akafungua pochi akalipa. Akasema harusi haitusubiri. Samaki walioharibika hakuna aliyewalipia. Nasema alikosea. Halafu nakumbuka friza lile lilinguruma mpaka ukamaliza chuo, nanyamaza. Halafu nakumbuka bei ya ile gesi.

Sasa turudi kwako. Mkataba nimeusoma na kalamu nyekundu mkononi. Ulichonacho si bima ya nyumba. Bima ni ya moto, ya kimbunga, ya mti kuangukia paa. Huu ni mkataba wa huduma kwa vitu vinavyochakaa kwa kutumika. Mwaka wa kwanza ulilipiwa na aliyekuuzia nyumba, ndiyo desturi ya huko, na wewe ukaendelea. Biashara yenyewe huko Marekani ilianza mwaka 1971, kwa hiyo wamepata muda wa kutosha kuvinoa vifungu. Kimoja kinasema fundi huchaguliwa na kampuni. Kingine, ukitengeneza bila ruhusa yao hawakurudishii kitu. Kuna kikomo cha fedha kwa kila kifaa. Na kuna hicho kilichokukuta: wanaweza kukupa pesa badala ya friji, na pesa hizo huhesabiwa kwa bei wanayonunulia wao, si bei unayoikuta wewe dukani. Ndiyo maana wanakupa 540 na friji la namna hiyo umesema linapita 1,300. Hesabu hawajakosea.

Na kifungu cha gesi kipo! Kule kurasa za mwisho: kuitoa gesi ya zamani na kukiondoa kifaa kibovu ni gharama yako. Nilipofika hapo nilimwita mama yako kutoka jikoni aje aone.

Kabla hujajibu barua pepe yao, tafuta fundi wako, umlipe wewe. Mwambie asifungue wala asitengeneze, apime na aandike. Huko gesi ya friji haiguswi na asiye na cheti, basi mtafute mwenye nacho, karatasi yake itakuwa na uzito. Aseme kama kweli ni kompresa, au ni kile kidude kidogo kinachoiwasha; kidude hicho kikiungua friji hunyamaza vilevile, na bei yake ni ndogo. Halafu kuna kibandiko ndani ya friji chenye namba. Wapigie waliolitengeneza. Wako wanaoweka miaka mitano au zaidi kwa kompresa na mabomba yake, na hiyo ni waranti nyingine kabisa, ingawa wapo wanaomtambua mnunuzi wa kwanza peke yake. Kampuni nayo ikiwa na la kukukatalia, ikatae kwa maandishi na itaje kifungu. Hamisi amenitafutia: Texas mikataba hii ina msimamizi wake, tangu 2021 ni idara ya leseni ya jimbo, wanaiita TDLR, na malalamiko yanapelekwa huko.

Ama hizo dola 540, mama yako amenikataza kukuamulia. Anasema una nyumba yako na mume wako. Sawa, siamui. Nasema tu kwamba mtu anayeharakisha kukulipa kabla hujauliza... basi, nimesema siamui. Najua una mtoto mchanga na maziwa yake yamo kwenye deli la barafu, na joto la Houston mwezi wa nane nimelionja. Kugombana nako kunakula siku za kazi. Labda ni pesa za kuchukua. Lakini ukizichukua, tazama kwanza unatia sahihi nini, wasije wakawa wamekuandikia kwamba huna dai tena. Na ukizikataa bila karatasi ya fundi wako, utakuwa unampinga fundi wao kwa mdomo mtupu. Mimi pale Kariakoo bila ile karatasi na ule mkono wa mama yako ningerudi Tanga na sanduku la bati.

Mpigie mama yako Jumamosi asubuhi ya kwenu. Huku itakuwa alasiri na atakuwa ametoka sokoni. Ana jibu lake tayari kuhusu hizo dola. Nimemwomba anipe niliandike hapa, amegoma, anasema nitalipinda.

Baba yako
Tanga